Kivinjari cha Mama

Usiku ule bando langu lilikuwa limekata.
Nikachukua simu ya mama, ile ya kioo chenye ufa,
nikaandika, herufi moja moja, neno
ambalo daktari wa Bugando alilitamka kwa sauti ndogo
mimi nimesimama mlangoni na karatasi ya majibu.
Nikasoma hadi macho yakawasha.
Nikafuta. Nikairudisha simu chini ya mto wake.
Nilidhani kufuta ni kufuta.

Asubuhi mama akafungua kwaya ya Igoma,
sauti ya kwanza haijamaliza kupanda, likaruka tangazo:
UVIMBE KWENYE TITI? USIKATE TAMAA!
MIZIZI YA SIKU SABA, NUSU BEI, TUNALETA HADI MLANGONI!
Akalisoma mara mbili, midomo ikicheza.
Akaivuta kanga ikamfunika hadi shingoni.
"Huyu," akauliza, "kaambiwa na nani?"

Uji ulikuwa unafurika jikoni.
Sikwenda kuuepua.

Makoroboi, Tungaraza ana meza moja na mwavuli,
kati ya wauza vitenge na fundi cherehani.
"Nataka kisicho na mdomo," nikamwambia.
Tungaraza, mtu wa Ukerewe, hacheki upesi.
"Hiki ulichokikuta humu kilikuja na simu,
kama mpangaji aliyeuzwa pamoja na nyumba:
hakusumbui, hakudai kitu,
ila kila jioni anampelekea mwenye nyumba wa zamani
habari za ulichopika.

Huyu simba hufukuza matangazo tangu getini,
lakini naye ana kigenge chake uani, uwe macho.
Bata ni mpole, hana maswali mengi.
Kitunguu, hicho ni ganda juu ya ganda,
hata mimi siwezi kujua umepita wapi,
ila kwa bando la mama la shilingi mia tano
utafika ukurasa wa kwanza jua limezama.
Chukua mbweha. Mbebeshe kizuizi hiki mgongoni,
vidakuzi vya wageni uvizime.
Si ukuta, kaka. Ni pazia.
Kampuni ya laini bado itaona kivuli."

"Bei?"
"Vyote bure." Akafuta kioo kwa pindo la shati.
"Hata kile cha kwanza kilikuwa bure."

Nikipanda mawe ya Mabatini nililitafuna lile neno.
Kivinjari. Kuvinjari ni kuzungukazunguka ukichungulia.
Basi muda wote huu
nani alikuwa akivinjari,
na nani akivinjariwa?

Mama alikuwa anachambua mchicha.
Nikamwonyesha. Ukurasa ukafunguka mweupe,
hapana kumeta, hapana kuruka, hapana nusu bei.
"Kimya," akasema. "Kama Makoroboi Jumamosi ya usafi."
Akamtazama mbweha kwa muda.
"Na huyu atamwambia nani?"
"Hamwambii mtu, mama."
"Na wewe je?"

Kisu kikaanguka ndani ya ungo.

"Yule wa mizizi," akasema, "alininadi mwili wangu
kama sangara aliyelala.
Wewe ukanifungia nje ya mwili huohuo,
funguo ukazitia mfukoni, siku nne,
unaniuliza kama nimelala vizuri."

Nilikuwa na maneno. Yote yalikuwa ya kizuizi:
bonyeza hapa, ruhusu pale, usikubali hiki.

Akanawa mikono. Akavaa miwani.
Kidole kikasimama juu ya ule ufa, kikangoja.
"Geuka," akaniambia.

Nikageukia dirisha.
Mabati ya Igogo, gauni la jirani kwenye kamba,
kipande cha ziwa kisichozidi kiganja.
Nyuma yangu nikasikia herufi moja.
Nyingine. Akafuta. Akaanza upya.

Lilikuwa neno refu kuliko langu.