Sababu ya Kuharibika

Fomu ina safu moja nyembamba
na machaguo mawili: wizi, au uzembe wa mwanafunzi.
Chumvi haimo.

Basi naandika pembeni, kwa penseli:
kisanduku cha kwanza, betri imefura kama andazi;
cha pili, waya mweupe umekatikia ndani ya ngozi yake,
pale unapojikunja, ukiutazama wafikiri ni mzima;
cha tatu hakiwaki
mpaka Mwanakheri akibane kwa kidole gumba
na kukipuliza, kama anayepoza uji wa mtoto.

Hatujaangusha hata kimoja.
Mwongozo unasema: hifadhi mahali pakavu.
Nimepatafuta Langoni, nimepatafuta Mkomani,
nimetia mchele ndani ya soksi, nikaining'iniza kabatini.
Mchele umeota. Ukuta wa matumbawe
hutoka jasho usiku kucha,
na asubuhi pini za shaba zimeshika ukijani
laini, kama ndevu za kwanza za mvulana.

Cha nne ndicho kilichoninyima usingizi.
Gurudumu la kushoto limekufa, la kulia lingali hai.
Ukikiambia nenda, kinazunguka,
ukikiambia simama, kinafikiri kwanza,
kisha kinazunguka tena, ngamia wa kinu
asiye na simsim ya kukamua.
Darasa lilicheka. Nami nilicheka,
halafu nikafungua tena zile skrubu ndogo
ambazo kichwa chake kimeshalika,
bisibisi inateleza, inateleza.

Jumatano Mselem, ambaye babake huchonga milango,
alikuja na kipande cha mkoko na mpira wa kufungia nywele.
Akafunga penseli ubavuni mwa kile kiwete,
akakiweka juu ya ubao wa mbao, akabonyeza.
Duara.
Akakisogeza upana wa kiganja. Duara jingine,
likalikata la kwanza, pakatokea jani.
"Mwalimu, kwenda hakiyui," akaniambia. "Kuchora chayua."

La tano halikufunga. Mstari ulikunjika ndani
kama konokono, mota ikakohoa,
pakanuka plastiki ya moto.
Mselem hakusema kitu. Alilimalizia kwa mkono.

Sasa nimefika safu ya mwisho, *Hali ya kifaa*,
na mkaguzi anavuka kesho kutoka Mokowe.
Nimeandika herufi moja tu.
Karatasi nayo ina unyevu:
wino unatambaa, unatafuta pa kwenda.