Lisilolia

Februari, Kuhmo. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha
na Mjomba Tauno amemwaga ndoo mezani:
maganda ya bastola, milimita tisa, mia nne na ushei,
yaliyookotwa Jumapili kwenye uwanja wa shabaha,
yakaoshwa, yakalazwa juu ya jiko usiku kucha.
"Lete kiti, Hilla. Lete na macho yako.
Yangu yamebaki ya kuonea mlango tu."

Anaanza na ukucha.
Ukucha wa gumba unazunguka mdomo wa ganda
taratibu, kama anayetafuta ncha ya uzi kwenye kibiringo.
Ukikwama, kando.
Kisha kiuno: limevimba karibu na kitako,
pale bastola ilipoliacha bila kulikumbatia?
Kando.
Kisha kitundu cha fataki: anachomeka kijiti cha kipimo.
Kikiingia bila kubishana,
kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babaye,
kando.

"Na hili?" Nampa lililojaa weusi.
"Masizi. Masizi si dhambi. Sugua."
"Na hili lina madoa ya waridi."
Analigeuza, ingawa haoni waridi wala kijani.
"Hapo zinki imetoroka. Imebaki rangi, nguvu hamna."
Analiponda mdomo kwa koleo
lisije likarudi ndooni kwa mlango mwingine.
Ufa wa ukuta huzibwa. Huu hauna udongo wake.

Miaka thelathini na mmoja alitembea kando ya mabehewa
kituoni Kontiomäki, nyundo ya mpini mrefu mkononi,
akigonga gurudumu, akisikiliza,
akigonga jingine.
Zima hulia. Lenye ufa husema neno moja kavu, basi.
Treni nzima ya magogo, na dereva wake, na hasira za dereva,
vilisubiri sikio la mtu mmoja kwenye baridi.

Sasa anatia maganda matano kiganjani
na kuyatikisa, kichwa kimeinama.
Debe tupu likivuma watu hulicheka;
ganda tupu likivuma, ndilo la kuaminiwa.
Manne yanaimba. Moja linakohoa.
Analitafuta kwa vidole, analitoa, hakosei.

Hakosei, mpaka birika la kahawa linapochemka.
Kifuniko kinagongagonga, mvuke unapiga mluzi,
naye, katikati ya kelele ile, anatikisa matano
na kuyatia yote kwenye sanduku la mazima.
Nimeuona. Ufa mwembamba kama ukope,
kutoka mdomoni hadi nusu ya ubavu.

Nanyoosha mkono. Nalitoa polepole,
nalificha kwenye mkono wa sweta.

"Umetoa moja."
Sisemi kitu.
"Ulikuwa na ufa?"
"Mdogo."
"Mdogo ndio upi?"
Birika linamwagika jikoni, hakuna anayeinuka.
"Ganda jipya ni senti chache, Hilla. Wala sijali senti.
Ukinifichia ufa kwa heshima,
siku moja heshima yako itashikwa na mkono wa mtu,
mbele ya uso wake."

Nalitoa kwenye sweta. Limepata joto langu.
Analipokea, anapitisha ukucha,
anapitisha tena.
Ukucha haukwami.
Anapitisha mara ya tatu, kisha ananirudishia,
pamoja na koleo.

Anasimama. Anauvuta ule mto bapa alioukalia miaka yote,
anaukung'uta, anaurudisha kitini,
anagonga mgongo wa kiti mara mbili: kaa.
"Yote upya. Na hayo mazima."
"Mia nne?"
"Na ushei."

Anakwenda kuondoa birika motoni.
Natia matano kiganjani, natikisa.
Jikoni, mgongo wake umenielekea,
lakini kichwa amekiinamisha kidogo, upande wa kulia,
na kahawa bado hajaimimina.