Jiwe Ndani ya Soksi

Kageha karudi usiku na basi la shule,
vumbi jekundu hadi kwenye kope,
akachechemea mlangoni.
Nilidhani kaumia.
Alipovua soksi likadondoka sakafuni jiwe
jeusi, jepesi, lenye matundu
kama andazi lililoungua.

Hukuambiwa?
"Tuliambiwa. Askari wa mbuga alisimama juu ya mawe,
Shetani, ndivyo wanavyopaita,
akasema hata punje msichukue, si yenu, si yangu.
Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu."

Akanisimulia, chai ikipoa:
mlima ulivyomwaga uji wake, uji ukaganda ungali mbioni;
kila hatua inavyolia kama vigae vya sahani;
na mwalimu Nthenya alivyowalaza kifudifudi wasikilize,
maana huko chini mvua inatembea gizani
miaka na miaka, kisha inatokea chemchemi,
inaingia bombani, inashuka hadi Mombasa,
watu wanapikia chai.
"Ulisikia?"
"Nilisikia tumbo la Otiato."

Mimi ni fundi wa mawe. Mwaka wa ishirini na mbili huu
nachonga, napanga, navuta kamba,
Umoja, Kayole, Ruai, kuta sizihesabu tena.
Sikuwahi kuuliza kijivu hiki kilikuwa nani.
Nikazima taa, nikaweka kiganja ukutani
pale plasta ilipobanduka.
Matundu. Madogo, lakini matundu.
Na hili nalo lilichemka. Na hili nalo
lilikimbia kabla hajawapo mtu wa kulikimbia.
La Ndarugu hatukukatazwa.
Tulipewa risiti.

Usiku wa manane anajigeuza kitandani.
"Baba, linanitazama."
"Jiwe halina macho."
"Lina mengi."

Asubuhi tukalifunga kwa gazeti,
nikaandika kwa penseli ya kazi:
Lango la Chyulu, Tsavo Magharibi.
Kwa askari mwenye kofia iliyopauka. Samahani.
Karani wa posta akalipima, akauliza kuna nini.
"Jiwe."
"Mnatuma jiwe?"
"Tunalirudisha," akasema Kageha,
na ada akalipia kwa sarafu zake mwenyewe, akizihesabu mara mbili.

Nje, lori lilikuwa limemwaga mawe ya ghorofa mpya
nusu ya njia ya miguu.
Aliokota kipande, akakinusa,
akakirudisha chini polepole
kama anayeweka yai.