Inchi Moja na Nusu

Pikapu yangu ilizaliwa imeinama,
pua chini, makalio juu,
kama mtu anayetafuta sindano mkekani.
Kila nikienda Ipole na madumu matupu
kile kisiki cha mninga kinanikwangua tumbo.

Kiloleni, gereji ya Mihayo Kapela,
spesa zimepangwa juu ya gunia:
inchi moja na nusu, mbili, tatu.
Kijana wa spana akanishikisha ya tatu.
"Hii, mama, utalingana na malori ya tumbaku!"
Mihayo akauliza tu:
"Asali unabeba madumu mangapi?"
Arobaini.
Akaagiza matofali yapakiwe nyuma.
Mkia ukashuka, pua ikapanda,
gari likakaa sawa na hakuna aliyegusa bolti.
"Walioliunda walishapiga hesabu ya mzigo."

Nikachukua ndogo.

Matofali yakashushwa, jeki ikapanda.
Bolti ya kushoto ikagoma,
kutu ya miaka kumi na mmoja;
ikalowekwa mafuta,
ikatukanwa Kinyamwezi,
ikalegea.

Jioni akapima kwa futi ya fundi cherehani:
mbele na nyuma sawa,
ila kulia pamepungua nusu kidole.
"Na hii?"
"Hii ni wewe. Umekalia upande mmoja miaka yote."

Sasa nikirudi na asali
taa zinamulika mizinga juu ya miti.
Itabidi nizishushe kwa bisibisi.
Kisiki bado kipo.
Juzi tumepishana,
hatukusalimiana.