Ngoma ya Kulia

Ilianza kulia Oktoba, kwenye mteremko wa kanisa,
kilio chembamba, kisu juu ya sahani.
Anghel aliinama, akasikiliza, akasema:
lei mia saba, viatu vyote vinne,
na silinda, ukitaka kulala usingizi.

Mia saba! Mimi mwalimu wa jiografia, hapa Reșița,
na kuni za msimu huu bado deni.
Nikasema nitafikiri.
Nikaenda dukani nikanunua viatu, mia na ishirini,
viatu vya gari, si vya Ilinca,
ambaye vyake vinakunywa maji.

Jumamosi. Jeki, tofali mbele ya gurudumu,
baridi ya kung'ata kucha.
Gari ni Dacia ya marehemu baba, tumekua pamoja.
Ngoma ya kushoto iligoma.
Niliibembeleza, nikaitia mafuta, nikaipiga nyundo,
nikaiita jina ambalo mwanangu hakupaswa kulijua.
Saa moja na nusu. Halafu ikaachia, puu,
na masizi yakamwagika.
Kaa mbali, Ilinca. Usivute pumzi hapa.

Ndani: saa iliyopasuliwa tumbo.
Springi za juu, springi za chini, vijiti,
vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa za dawa.
Kila aliyewahi kuifanya kazi hii atakwambia:
usifungue ngoma mbili kwa mpigo,
acha moja nzima, iwe ramani yako.
Na ramani ndizo zinazonilisha.

Koleo likateleza. Springi ikaruka ua,
ikatua bustanini kwa Paraschiva.
Ilinca akaifuata, akarudi na springi na tufaha.
Saa nane mchana, vifundo vya vidole vimechunika,
upande wa kushoto umekamilika,
karibu.
Nimebaki na springi moja kiganjani,
fupi, iliyodondoka kabla sijaona kwao.

Basi nikafungua ya kulia, nisome.

Mahali pa springi ile palikuwa na waya.
Waya wa uzio, umesokotwa mara tatu,
ncha zimekunjwa ndani kwa uangalifu,
kama pindo la shuka.
Miaka minne nimeteremka mlima ule,
mtoto kiti cha nyuma,
nikikanyaga waya wa kuku.
Na nililipa. Risiti ninayo.

Nikautia mfukoni, nikaenda kwa miguu,
njia nzima nikinoa maneno.
Anghel alikuwa chini ya lori, buti tu zikionekana.
Nikauweka waya juu ya benchi lake.
Akatoka, akautazama kwa muda,
jinsi mtu anavyotazama mwandiko wake wa zamani.

"Usiku ule," akasema, "mama yako yuko hospitali Timișoara.
Ulikuja saa nne, maduka yamefungwa, unatetemeka.
Nilikwambia huu utakufikisha.
Nilikwambia urudi Jumatatu."

Jumatatu ile tulikuwa makaburini.
Na Jumatatu iliyofuata gari lilikuwa linasimama,
na kinachosimama vizuri, nani hukikumbuka?

Maneno yangu yote yakawa butu.
Anghel akafuta mikono, akavuta droo, akapekua,
akanipa springi ya pili, kuukuu lakini ngumu,
kisha akachora sakafuni kwa chaki:
ndoana hii huku, hii kule, usivute kwa bisibisi.
Nikauliza bei.
"Bei ya nini? Kazi unafanya wewe."
Akarudi chini ya lori. Sauti yake ikatoka kwenye vyuma:
"Lakini upite hapa kwanza. Kabla ya mlima."

Giza lilitukuta tukikaza nati za mwisho,
Ilinca ameshika tochi kwa mikono miwili,
akimulika zaidi uso wangu kuliko gurudumu.
Nilizungusha ngoma ya kulia kwa kiganja.
Kiatu kiliigusa kidogo tu,
mtu anafagia chumba cha jirani.

Sikumwambia Ilinca kwamba naogopa.
Niliwasha, nikatia gia ya kwanza,
nikaenda kwa Anghel kwa njia ndefu,
ile isiyo na mteremko.