Hesabu ya Jumamosi Usiku

Siku hizi sadaka haigongi sahani.
Inaingia kimya, simu inatetemeka
mezani pangu, kando ya chai iliyopoa,
na mimi, mweka hazina wa kanisa la Marafiki hapa Chavakali,
naandika: jina, saa, kiasi.

Zamani ungesikia nani katoa nini.
Kuku wa Rasoa alilia katikati ya maombi,
mkungu wa ndizi ulidondosha utomvu sakafuni,
na baada ya ibada tulinadi mayai
hadi mwalimu Asava akanunua trei moja
kwa bei ya mbuzi, kisha akairudisha kwa mwenyewe.
Tulicheka. Hiyo nayo ilikuwa ibada, nadhani.

Sasa vijana wametundika projekta.
Namba ya malipo inang'aa ukutani
palipokuwa na kalenda ya akina mama,
na ule ukimya wetu, ukimya wa kumngoja Roho,
dakika ishirini, wakati mwingine thelathini,
umebaki dakika mbili, mpiga kinanda akijaribu nyaya.
Sinung'uniki. Kanisa limejaa.
Mwanangu anakuja bila kuburutwa.

Lakini kila Jumamosi, saa tano kasorobo usiku,
shilingi hamsini
kutoka kwa Zablon Kisia.

Zablon tulimzika Aprili mwaka juzi.
Nilishika jeneza upande wa miguu,
udongo mwekundu ukang'ang'ania viatu vyangu hadi nyumbani.

Mara ya kwanza nilizima simu.
Mara ya pili nilihesabu upya, kama mlevi anayehesabu ngazi.
Ya tatu nikapanda kilima hadi kwake,
nikamkuta Belisi jikoni akichambua mrenda,
na simu ya marehemu, ile ya vibonye,
mgongo wake umefungwa kwa raba, iko kando ya taa.

"Laini ni yake," akasema. "Yangu ninayo.
Ila yangu ikituma, mtaandika Belisi."
Akatupa kijiti. Akachambua jani lingine.
"Hii ikituma, mnamwandika yeye."

Nilikula mrenda huo na ugali wa wimbi.
Hatukuongea tena habari za simu.

Sasa kamati inataka rejista isafishwe:
waliohama, waliofariki,
waliovutwa na wahubiri wa mahema kule Luanda.
Karani ana kalamu nyekundu na moyo mzuri;
anasema kompyuta haina safu ya wafu.
Alinipa mpaka Ijumaa.

Leo ni Jumamosi.
Mvua inapiga mabati, mwanangu amelala,
na kwa mara ya kwanza baada ya miezi
nimekaa kama mama alivyonifundisha,
mikono mapajani, bila kuomba kitu,
nikingoja.

Simu inatetemeka.
Naandika jina.
Saa.
Kiasi.