Sauti ya Nyuma, Kushoto

Amplifaya ilitoka Kasumbalesa imefungwa kwa kitenge,
ikapanda lori la unga, ikashuka Katuba na weupe puani,
nzito kama jiwe la kusagia.
Kompyuta niliijenga mwenyewe, miezi tisa:
kila kichwa nilichosuka kikawa feni, kikawa skrubu,
kichwa cha bibi harusi kikawa nusu ya kadi ya picha.
Jirani aliuliza, mimba hii itazaa lini?

Waya wa spika alinipa baba.
Aliutoa chini ya kitanda, ndani ya kopo la maziwa,
shaba nyekundu, bado inang'aa kama iliyochunwa jana.
"Hii njo mushahara yangu ya mwaka ule," alisema.
Kampuni haikulipa. Waya ulilipa.
Miaka ishirini na sita alisimama kando ya kinu cha mawe,
na alipostaafu sikio la kushoto
lilibaki kule kule, kazini.

Saa mbili usiku umeme ukarudi.
Nikachomeka: kompyuta kwenye televisheni,
televisheni kwenye amplifaya,
na mchezo ukafunguka, msitu, mvua,
mvua iliyonyesha mbele tu,
kama ile inayonyesha kwa watu wa barabara ya pili.
Spika za nyuma zilikaa kimya,
mashahidi walioitwa, wakakosa nauli.
"Zimekufa, yaya," alisema Ngoie.
Nikapindua waya, nikapuliza matundu, nikatukana.
Kwenye mipangilio paliandikwa stirio,
chaneli mbili, wala hapakuwa na kingine cha kuchagua.

Nilikaa sakafuni, nikafuata njia kwa kidole.
Nani yuko katikati?
Televisheni.
Ndiyo iliyokuwa inaulizwa, una midomo mingapi?
Nayo, bila hila, ikajibu: miwili.
Mpatanishi hujibu kwa kipimo chake.

Nikaing'oa pale katikati.
Kompyuta moja kwa moja kwenye amplifaya,
picha iendelee mbele hadi televisheni
kama mgeni anayeomba njia uani.
Nikafungua orodha: tano nukta moja.
Nikabonyeza jaribio.

Mbele kushoto. Katikati. Mbele kulia.
Sauti ilizunguka chumba
kama fundi anayegonga ukuta kutafuta palipo patupu.
Nyuma kulia.
Nyuma kushoto.
Baba, kitini, alikuwa anahesabu kwa vidole.
Kidole cha mwisho kikabaki hewani.
"Ya tano iko fasi gani?"

Iko pale, baba. Inalia.
Sikusema. Ngoie alitazama miguu yake.

Akainuka. Akakamata kiti kwa mikono miwili,
akakigeuza, mgongo kwa televisheni, uso kwa mlango,
akaketi.
"Rudilia."
Nikarudia. Kidole kikashuka.
"Na picha, baba?"
"Picha mutaniangalilia."

Basi tukacheza hivyo,
mimi na Ngoie tukitazama msitu,
yeye akitazama mlango na makoti yaliyotundikwa,
kiganja juu ya sanduku la besi
kama anayepima homa ya mtoto.
Mvua ikanyesha pande zote.
Akasema polepole, bila kugeuka:
"Kuko mutu. Nyuma yako. Anakanyanga majani."
Nikazungusha kamera, na kweli,
alikuwa pale, panga limeshainuliwa.
Hivyo ndivyo, nadhani, alivyokuwa akijua
beringi ipi itavunjika kesho,
akawaambia mabwana, wakacheka.

Saa nne na robo umeme ukaondoka.
Tulikuwa hatujahifadhi chochote.
Gizani tulisikia feni zikipunguza mwendo,
mbwa wa Katuba, jenereta ya baa,
vyote vikitoka mahali pake.
Ngoie akanyosha mkono akirudishe kiti.
"Acha vile," alisema baba.

Kiko vile mpaka leo.
Anayekuja kwetu hushtuka kidogo mlangoni:
hajabisha bado,
na mzee ameshamtazama.